Wa Mwisho Mkono wa Kushoto

Itangazwe kwa wote, wakubwa kwa wadogo, waliooa na wanaojipa moyo, kwamba Kamati Kuu ya Picha za Harusi ilikutana Jumamosi asubuhi katika kikao chake cha kwanza, akidi ikiwa imetimia, ili kujadili mambo mazito yanayogusa heshima ya ukoo mzima. Kikao kilifanyika jikoni, kwa sababu sebuleni kulikuwa kumeanikwa mashuka. Wajumbe walikuwa wanne: Mama, Dada ambaye ndiye bi harusi, Shangazi, na mpiga picha. Mjumbe wa tano alikuwa ndani ya stoo, amekalia gunia la viazi, jicho moja kwenye ufa wa mlango. Huyo hakualikwa.

Nyumbani walimwita Spika. Jina alilipata shule ya bweni, kwa tabia yake ya kupanda juu ya kitanda kila jioni na kuwasomea wasichana wenzake matangazo rasmi ya serikali isiyokuwepo. Siku moja alitangaza kwamba matroni ameteuliwa kuwa Waziri wa Maharage, na kwamba uteuzi unaanza mara moja. Wenzake hawakucheka. Alipogeuka kuwauliza kulikoni, akamkuta Mheshimiwa Waziri amesimama mlangoni.

Sasa alikuwa likizo, na sababu ya kumkalisha juu ya viazi haikuwa ndogo. Mwaka uliopita aliolewa binamu yake, mtoto wa Shangazi. Picha zilipotoka, ilionekana kwamba katika kila moja, bila kuruka hata moja, Spika alikuwa ametoa ulimi, au amekengeza macho, au amemwotesha bwana harusi pembe za vidole viwili. Picha kubwa ya familia mpaka leo ipo ukutani kwa binamu, lakini mbele yake kimewekwa chungu cha maua, na ua lenyewe linamwagiliwa kwa bidii ili lisije likapungua majani. Shangazi alimtazama tu Spika, na tangu siku hiyo alikuwa akimtazama.

Kwa hiyo Spika alisubiri kisasi. Kisasi cha Shangazi angekivumilia. Asichoweza kuvumilia ni Dada kushiriki kisasi hicho. Dada ndiye aliyekuja bwenini kila siku ya wageni, hata ile ya mvua, akakaa naye kwenye ngazi za darasa, akamsuka huku akimsikiliza akitukana hesabu. Wiki ijayo Dada angehama nyumbani, na picha moja kubwa ingetundikwa sebuleni kwake kwa maisha yote. Spika alitaka kuwemo. Mdomo ukiwa umefungwa, macho yakiwa yamenyooka. Lakini mtu mwenye sifa kama zake angeombaje jambo kama hilo bila watu kuangua kicheko?

Mpiga picha alikuwa mwanamume mrefu mwenye kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Alikuwa anapanga ukoo juu ya meza kwa vyombo vya jikoni, kwani hivyo ndivyo alivyofanya kazi: hakutaka kufika siku ya harusi aanze kuwavuta watu mikono kama kondoo.

"Bilauri mbili hizi, maharusi. Chupa ya chai, baba mzazi. Bakuli la sukari, mama. Birika, shangazi."

"Mimi birika kwa nini?" Shangazi akauliza, huku akisogeza kiberiti ubavuni mwa birika hilo.

"Shangazi, unachemka kabla ya wenzako," Dada akasema, na Mama akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Sasa," mpiga picha akaendelea, "kuna mtu yeyote wa mashaka? Msione haya, kila ukoo unao. Mchumba wa jana na juzi. Rafiki wa rafiki. Mtu msiye na hakika naye. Huyo namsimamisha mwisho wa mstari. Mambo yakiharibika, nafyeka pembeni, picha inabaki nzima kama mtu huyo hakuzaliwa."

"Laiti ungekuwepo kwenye harusi ya mwanangu!" Shangazi akasema, kwa uchungu wa kweli.

Nyuma ya mlango, Spika alisogeza jicho karibu zaidi na ufa.

Hapo ndipo Mama alipotupia jicho koridoni, kule iliko stoo na chumba cha Bibi, akashusha sauti. Wote wakainama juu ya meza. Mpiga picha akachukua kizibo cha chupa, akakiweka mwisho kabisa wa mstari, mkono wa kushoto, peke yake, kikiwa kimeachwa mbali na vyombo vingine.

"Huyu hapa," akanong'ona. "Niachieni nafasi ya kutosha kati yake na wenziwe. Asiguswe na mtu, hata upindo wa nguo."

"Na asijue," akasema Shangazi.

"Akijua?"

"Akijua hapatakalika humu ndani," Mama akajibu. "Wewe huujui ulimi wake."

Dada alikuwa anakizungusha kizibo kwa ncha ya kidole. "Roho inaniuma kumdanganya," akasema.

"Utamwomba radhi picha ikishatoka," Shangazi akamwambia. "Wakati huo atafanya nini?"

Mwenye macho haambiwi tazama. Spika alibaki juu ya viazi muda mrefu baada ya kikao kufungwa, akijiona kizibo.

Uchunguzi ulianza siku hiyo hiyo. Spika alimkuta Dada chumbani anajizoeza viatu vya harusi, anatembea kati ya kitanda na kabati kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Dada, mimi siku hiyo nitasimama wapi?"

"Usijali, umeshapangiwa," Dada akasema, akiutazama mguu.

Umeshapangiwa! Ndivyo wanavyoambiwa mahabusu kuhusu selo. Spika akaenda kwa Mama aliyekuwa anakunja yale mashuka, akauliza kwa upole wa kutisha kama si vizuri wadogo wa maharusi wakasimama karibu na maharusi. Mama akamkabidhi ncha mbili za shuka. "Vuta," akasema. "Na maswali upunguze." Baba, alipoulizwa, alisema yeye ataambiwa asimame wapi na atasimama, kama alivyofanya siku yake mwenyewe, na akarudi kwenye redio.

Akabaki Bibi. Bibi, mama yake Baba na Shangazi, alikuwa amevunjika nyonga, na daktari alikataza asipandishwe gari kwa hali yoyote. Kwa hiyo kwenye ukumbi wa harusi hangefika. Aliulizwa kama angependa basi apigwe picha na bi harusi hapo hapo chumbani. Jibu lake lilisikika mpaka kwa majirani: hataki. Akionekana amelala kitandani, watu watasema harusi imeharakishwa ili aiwahi.

"Karibu, mke mwenzangu," Bibi akamwambia Spika, kwa utani wao wa siku zote. "Funga mlango. Kuna kitu humu ndani kinapikwa na moshi wake siuoni."

"Hata wewe umekisikia?"

"Yule kijana wa kamera alisimama hapo dirishani leo, alipokuwa anaondoka. Akanyoosha kiganja, akawa anakigeuzageuza kwenye mwanga kama anayeuza samaki. Nikamuuliza, unatafuta nini? Akasema, hali ya hewa. Halafu shangazi yako ananiambia nitapigwa picha ya kitambulisho, nikiwa nimekalishwa. Kitambulisho gani kinachotaka kilemba kipya?"

Mtu mwingine angesimama hapo akafikiri. Spika naye alisimama, naye alifikiri, ila alijifikiria yeye. Aliona jambo moja tu: Shangazi yuko kazini, na mtandao wake ni mpana.

"Wanatuchanganya, Bibi," akasema kwa sauti ya siri. "Wanataka tuangalie kulia wakati wao wanapita kushoto."

"Kushoto kuna nini?"

"Kushoto," Spika akasema, "ndipo penyewe."

Bibi akamwambia apunguze kusoma.

Simu ya Mama ilikuwa na desturi ya kulala juu ya friji ikichajiwa, na haikuwa na nywila, kwa kuwa Mama aliamini kwamba mtu asiye na siri hafungi mlango. Jioni, Mama alipoingia kuoga, Spika aliiteremsha. Aliandika ujumbe kwa mpiga picha, akaufuta, akauandika tena. Ulitoka hivi:

*Kijana wangu, hujambo. Baada ya tafakuri ya kina, yule wa mwisho mkono wa kushoto nimeona si haki. Mlete katikati, bega kwa bega na bi harusi, na washikane mikono. Pale mwisho msimamishe shangazi mtu. Ni mimi, mama mzazi.*

Jibu halikukawia. *Mama, katikati tena wameshikana mikono haiwezekani, labda awepo mwenyewe.*

Spika aliusoma ujumbe huo mara kadhaa. Labda awepo mwenyewe? Kwani alitarajiwa awepo nani kwa niaba yake? Kumbe hata kusimamishwa pembeni kulikuwa zuga tu! Mpango wenyewe ulikuwa aachwe nyumbani alinde nyumba.

*Atakuwepo mwenyewe,* akaandika, *tena mzima mzima.*

*Basi ukumbini haitawezekana. Picha kubwa tuipigie hapo nyumbani, uani, asubuhi kabla ya msafara. Nimwarifu bwana harusi awalete watu wake huko?*

Hapa pia palikuwa na mahali pa kusimama na kufikiri, lakini maji bafuni yalikuwa yamenyamaza. *Mwarifu,* Spika akaandika, akafuta mazungumzo yote, akairudisha simu juu ya friji. Mama alipotoka akamkuta anafuta meza bila kutumwa. Mama alisimama mlangoni akaitazama meza, akamtazama mtoto, akaitazama tena meza.

"Unaumwa?" akauliza.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko kawaida. Siku mbili baadaye mpiga picha alifika na ngazi, na kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga, na msaidizi hakuwa naye, kwa hiyo akavitua vyote mwenyewe sebuleni kwa kishindo. Mama na Shangazi walikuwa jikoni wanamenya vitunguu. Dada alikuwa kwenye meza anashona kifungo. Spika, aliposikia sauti ya ngazi, aliichukua simu juu ya friji kwa kisingizio cha kutazama saa, na akaingia stoo kwa kisingizio cha viazi.

"Mama, nimeshapima ua," mpiga picha akasema kwa furaha. "Asubuhi kivuli cha nyumba kinaangukia pazuri. Watu wa bwana harusi wamekubali kuja, ila mama yake anauliza kama kutakuwa na viti, maana wao ni wengi."

Kisu cha Mama kikasimama katikati ya kitunguu. "Watu wa bwana harusi waje wapi?"

"Hapa. Kwa picha kubwa."

"Hapa? Nani kasema hapa?"

"Wewe, Mama."

"Mimi!"

"Ulinitumia ujumbe. Mpaka ukaandika, baada ya tafakuri ya kina."

"Baada ya nini?"

Shangazi akaweka kitunguu chini. "Wifi, wewe tangu lini una tafakuri ya kina?"

Ndani ya stoo, Spika alijua kwamba chombo kinazama. Mtu mwenye busara angejitokeza. Yeye aliandika ujumbe, gizani, akautuma. Simu ya mpiga picha ikalia kwenye mmojawapo wa ile mifuko. Akapapasa mitatu mitupu kabla hajaipata.

"Enhe, huu hapa mwingine," akasema. "Umetoka kwa mama. *Usimsikilize mtu yeyote. Endelea kama tulivyo...*"

Akamtazama Mama, aliyekuwa amekaa mbele yake, kisu mkono wa kulia, kitunguu mkono wa kushoto, machozi ya vitunguu yakimtiririka. Kisha, polepole, vichwa vinne vikaugeukia mlango wa stoo.

"Toka," akasema Mama.

Spika akatoka, vumbi la viazi likiwa nyuma ya sketi yake. Alinyoosha kola. "Ndugu wajumbe," akaanza, "kabla hamjafikia uamuzi wowote, naomba kutoa maelezo ya awali..."

"Sema kama mtu!"

Basi akasema kama mtu. Sauti ilimtoka ndogo, wala hakuitambua. Alisema aliwaona wakipanga vyombo. Alisema alikiona kizibo. Alisema anajua alichokifanya kwenye harusi ya binamu, na kwamba wana haki ya kumfyeka, ila angeomba afyekwe na Shangazi, asifyekwe na Dada.

Dada alikuwa ameachia sindano. "Ulidhani yule kizibo ni wewe?"

"Si mlisema asijue? Si mlisema ulimi wake?"

"Wewe ulikuwa kiberiti!" Dada akasema. "Ulikaa ubavuni mwa birika. Shangazi ndiye aliyekuweka. Alisema hata iweje hakuna picha ya harusi yangu bila wewe, ila yeye atasimama karibu nawe, akushike mikono yote miwili."

"Yote miwili," Shangazi akathibitisha. "Na ulimi niliuachia Mungu."

Spika alimgeukia Shangazi, akakosa neno la kusema. Hilo halikuwahi kutokea, na kila mtu alilisikia. Kisha akauliza lile swali ambalo angeliuliza siku ile chumbani kwa Bibi, kama angekuwa na nafasi kichwani ya mtu mwingine.

"Sasa kizibo ni nani?"

Mpiga picha akaonyesha ukuta kwa kidevu, kule upande wa pili kiliko chumba cha Bibi. Akaeleza kwa kunong'ona: angemkalisha mzee dirishani, ampige picha katika mwanga unaofanana na wa ukumbini, halafu amhamishie kwenye picha ya familia, pale mwisho kushoto alipoachiwa nafasi. Ndiyo maana asiguswe na mtu. Asiyekuwepo hashikwi mkono. "Nilipoambiwa awepo mwenyewe," akaongeza, "nilishangaa, lakini nilifurahi. Nikajua mzee amekubali."

"Nimekubali nini?"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta, kavu na karibu kama vile Bibi alikuwa mezani nao. Shangazi akafumba macho. Wakaenda wote, mmoja nyuma ya mwenzake, kama watoto waliovunja dirisha, wakasimama kuzunguka kitanda. Bibi alikuwa amejiinua kwenye mito.

"Kitambulisho," Bibi akamwambia Shangazi. Neno moja tu. Shangazi, mwanamke mzima mwenye wajukuu njiani, akatazama vidole vya miguu yake.

"Mama, ungekataa," akasema.

"Ningekataa. Na ningekuwa na haki ya kukataa. Mnataka kunikata kama picha ya gazeti mnibandike mnapotaka?" Akamgeukia mpiga picha. "Na wewe wa hali ya hewa. Hiyo picha ya uani ndiyo ipi?"

Mpiga picha akakohoa. Akaeleza tena, safari hii kwa sauti ya kawaida: kiti kitatolewa uani, si kitanda. Ni hatua chache, Baba na bwana harusi watakibeba kiti naye akiwa amekaa, na gari halihusiki. Yeye atakuwa katikati. Bi harusi atakuwa ubavuni mwake, amemshika mkono. Wengine wote watasimama kumzunguka, na atakayeitazama picha atadhani watu hao wote ndio waliomjia yeye.

Bibi alitazama dirishani. Nje mtu alikuwa anapigilia kitu msumari. Dada alikuwa ameuma mdomo, na Spika aliona kwamba Dada alitaka jambo hili sana, kwa muda mrefu, na hakuthubutu kuliomba.

"Katikati," Bibi akasema mwishoni.

"Katikati, Bibi," akasema Dada.

"Kiti kiwe na mikono. Sitaki kuegemea kama gunia." Akavuta shuka, akalinyoosha pasipokuwa na kunjo. "Hili wazo la kuniweka pembeni sitaki kujua ni la nani, maana namjua. Hili la katikati ni la nani?"

Watu wazima wakatazamana. Shangazi, ambaye kwa haki zote alikuwa na siku nzuri ya kulipiza kisasi, akamsukuma Spika mgongoni kwa kiganja. "Ni la huyu," akasema. "Alimwandikia kijana kwa simu ya mama yake. Sisi wengine tulikuwa tumelala."

"Mke mwenzangu!" Bibi akaunyoosha mkono, akamvuta, akamkalisha kitandani. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Katika nyumba nzima hii, wewe ndiwe uliyenifikiria. Nilisema kila siku, mtoto huyu ni mtundu lakini ana moyo. Haya, niambie. Ulijuaje kwamba nilitaka kutoka?"

Hotuba ilikuwa tayari. Spika aliihisi ikipanda kooni, nzima, na salamu zake na hitimisho lake, na hakuna hata mmoja ndani ya chumba kile ambaye angeipinga. Mama alikuwa anatazama dari. Shangazi alikuwa anasubiri. Mkono wa Bibi ulikuwa mwepesi, na ulikuwa umemshika kwa nguvu.

"Sikujua, Bibi," akasema. "Nilidhani ni mimi niliyewekwa pembeni. Nilikuwa najitetea mwenyewe. Wewe sikukufikiria hata kidogo."